Je, Wajua Kwa Nini Kihisi cha Mgandamizo wa Hewa Hubeba Kipimajoto Ndani Yake?

Kihisi cha BMP280 cha kampuni ya Bosch ya Ujerumani kina urefu wa milimita 2.5 na upana wa milimita 2 tu, lakini kikiunganishwa kwa nyaya chache na maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) huleta vipimo viwili: mgandamizo wa hewa na halijoto. Ni rahisi kudhani kwamba mtengenezaji aliona nafasi imebaki ndani ya chipu, akaongeza kipimajoto kama nyongeza ya bure. Mimi nami niliamini hivyo. Nilipoona kwamba halijoto ya kihisi inazidi ile ya kipimajoto cha ukutani kwa nyuzi 3 hivi, niliongeza katika programu mstari wa kupunguza nyuzi hizo 3, nikauweka kabla ya hesabu ya mgandamizo, nikitumaini kwamba halijoto iliyosahihishwa ingeleta mgandamizo sahihi zaidi. Programu yangu hukokotoa pia kimo kutokana na mgandamizo, kwa kuwa mgandamizo hupungua kadiri mtu anavyopanda juu; basi kifaa kilichokuwa kimetulia mezani kikaonyesha kwamba kimepanda makumi ya mita.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba halijoto ile ni ya chumba. Ni halijoto ya chipu yenyewe, na kazi yake ya kwanza ni kuusahihisha mgandamizo. Kwamba sisi nasi tunaweza kuisoma ni faida inayokuja baadaye. Kwa hiyo halijoto iliyoonekana kwangu kuwa na kasoro ndiyo iliyokuwa sahihi kwa hesabu iliyokusudiwa, na ile ya ukutani, ingawa ilieleza vizuri hali ya chumba, haikuhusika kabisa na hesabu hiyo.

Sababu imo katika namna kihisi kinavyofanya kazi. Ndani yake kuna utando mwembamba wa silikoni unaopinda hewa inapousukuma, na juu ya utando huo kuna vikinza vya umeme. Mwaka 1954 Charles S. Smith, akifanya utafiti katika maabara za Bell Laboratories nchini Marekani, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba ukinzani wa silikoni hubadilika sana inapokandamizwa au kuvutwa, na tabia hiyo ndiyo inayotumika hapa: utando ukipinda, ukinzani hubadilika, na badiliko hilo hugeuzwa kuwa namba. Tatizo ni kwamba ukinzani wa silikoni hubadilika pia kwa joto, hata kama utando haukupinda.

Tufikirie mizani ya springi ambayo springi yake hulegea kunapokuwa na joto na kukaza kunapokuwa na baridi. Mshale ukishuka, anayeusoma hawezi kujua kama mzigo umeongezeka au springi imelegea, maana mshale ni mmoja na sababu ni mbili. Hata akiutazama kwa makini kiasi gani, mshale huo hautamtenganishia sababu hizo. Anachohitaji ni kipimo cha pili, yaani joto la springi, pamoja na karatasi inayoeleza springi hiyo hulegea kwa kiasi gani kwa kila nyuzi moja. Na joto linalotakiwa ni la springi yenyewe. Springi ikiwa imeanikwa juani huku msomaji amekaa kivulini, joto la kivulini halitamsaidia kitu, hata likipimwa kwa kipimajoto bora kuliko vyote.

Karatasi hiyo ipo kweli ndani ya BMP280. Hakuna vihisi viwili vinavyotoka kiwandani vikiwa sawa kabisa, kwa hiyo kila kimoja hupimwa na kuandikiwa katika kumbukumbu yake ya kudumu namba 12 za urekebishaji, 3 kwa ajili ya halijoto na 9 kwa ajili ya mgandamizo. Maikrokontrola huzisoma mara moja inapowashwa. Baada ya hapo kihisi huipatia namba ghafi tu, ambazo zenyewe hazisomeki kama nyuzi wala hektopaskali (kizio cha mgandamizo, sawa na paskali 100). Jambo la kuvutia ni kwamba namba ghafi ya mgandamizo hushuka pale mgandamizo unapopanda.

Waraka wa kiufundi wa BMP280 una mfano wa hesabu unaoonyesha uzito wa jambo hili. Namba ghafi ya halijoto ni 519888, nayo hutoa nyuzi 25.08 za selsiasi. Namba ghafi ya mgandamizo ni 415148, nayo, ikisaidiwa na halijoto hiyo, hutoa hektopaskali 1006.53. Nilirudia hesabu hiyo kwa namba zilezile za urekebishaji, ila nikaweka nyuzi 22 mahali pa 25.08, na jibu likawa takriban hektopaskali 1001.8. Karibu na usawa wa bahari hektopaskali moja ni sawa na kimo cha mita 8 na kitu, kwa hiyo kosa la nyuzi 3 linampandisha mtu takriban mita 40 bila yeye kuinuka kitini. Mfano huu ni wa kihisi kimoja chenye namba zake, na kiasi cha kosa kitatofautiana kutoka kihisi hadi kihisi.

Hata hesabu ikifanywa ipasavyo, joto haliondoki kabisa katika jibu. Waraka huohuo unataja mabaki ya takriban paskali 1.5 kwa kila nyuzi moja, sawa na sentimita 12 hivi za kimo. Kwa anayefuatilia hali ya hewa kiasi hicho si kitu, lakini anayetaka kutambua hatua moja ya ngazi atakiona. Ndiyo maana ni vyema kutokiweka kihisi karibu na kipande kinachopata moto na kupoa mara kwa mara, kwa mfano maikrokontrola inayowasha na kuzima redio yake.

Katika programu, halijoto hukokotolewa kwanza, kisha thamani yake ya hatua ya katikati, ile inayopatikana kabla ya kugeuzwa kuwa nyuzi, hupelekwa katika hesabu ya mgandamizo. Namba ghafi zote mbili zisomwe kwa mkupuo mmoja, kuanzia rejista (kisehemu cha kumbukumbu ya kihisi) 0xF7 hadi 0xFC, ili zisije zikatoka katika vipimo viwili tofauti. Anayehitaji halijoto ya chumba aongeze kipimajoto kingine mbali kidogo na bodi na kuihifadhi namba yake peke yake, bila kuiingiza katika hesabu ya mgandamizo. Ule mstari wangu wa kupunguza nyuzi 3 bado upo, lakini sasa unakuja baada ya mgandamizo kukokotolewa, na unagusa tu namba inayoonyeshwa kwenye skrini.