"Bound" si cheti cha kufaulu

Wengi huunganisha hifadhi ya flashi na klasta ya Kubernetes (kundi la seva linaloendesha programu kwa pamoja), wakaona ombi la diski limeandikwa "Bound", wakatangaza kuwa jaribio limefaulu. Sivyo. Hali hiyo huonyesha tu kwamba ombi limepata diski yake. Haielezi kitakachotokea seva ikizimika ghafla, na hilo ndilo la kujaribiwa kwanza.

Endesha hifadhidata inayoandika mfululizo, kisha kata umeme wa nodi yake, yaani seva inayoiendesha. Hata podi ya zamani (kifurushi ambamo hifadhidata hiyo iliendeshwa) ikifutwa kwa nguvu, Kubernetes kwa kawaida husubiri dakika 6 kabla ya kuiachanisha diski na nodi iliyokufa, maana nodi mbili zikiandika pamoja data huharibika. Dakika 6 za huduma kusimama! Zipime kabla wateja hawajazipima. Rejesha pia nakala ya papo (snapshot, yaani data ilivyokuwa wakati mmoja), uisome.