Zebaki jikoni: maswali na majibu kwa familia za wachimbaji dhahabu Kakamega na Migori

Dhahabu imechimbwa sehemu hizi tangu enzi za mkoloni. Mgodi wa Rosterman, Kakamega, ulifungwa 1952, na ule wa Macalder, Migori, ukafuata 1966. Kazi ikabaki mikononi mwa wananchi: vijana wanaoshuka shimoni, kina mama wanaoponda na kuosha mawe, na wanunuzi wenye mizani ndogo. Shimo kuporomoka kila mtu anakuogopa, na ana sababu. Maswali ya hapa yanahusu zaidi zebaki, ile metali ya majimaji inayotumika kunasa dhahabu, kwa kuwa ndiyo inayowafikia hata watu ambao hawajawahi kukanyaga mgodini.

Nimeshika zebaki kwa mikono miaka mingi na bado niko imara. Hatari yake iko wapi?

Iko puani. Zebaki ya maji inayopita kwenye ngozi ni kidogo, na ndiyo maana wachimbaji wengi huiona haina neno. Tuifuate kazi yenyewe. Mawe yakishasagwa na kuoshwa, unamimina zebaki kwenye karai na kukoroga kwa kiganja hadi ishikane na chembe za dhahabu. Unakamua kwa kitambaa, unabaki na donge la rangi ya fedha, dogo kama punje ya hindi. Karibu nusu ya donge hilo ni zebaki. Ukiliweka juu ya makaa, zebaki yote hiyo inapaa, na dhahabu inabaki ikigeuka njano.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila shida. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, kwa hiyo hutakohoa na hutakimbia. Ukiuvuta, asilimia 80 hivi hubaki mwilini: unapita kwenye mapafu, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo na figo. Hata bila moto, zebaki iliyoachwa wazi chumbani huendelea kutoa mvuke kidogo kidogo. Glavu vaa, lakini usidhani glavu ndiyo kinga yako kubwa.

Mume wangu huchomea dhahabu jikoni usiku kwa kuogopa wezi. Nina mimba ya miezi mitano. Je, nitoke nje akichoma?

Dada, kutoka nje kwa muda huo ni afadhali kuliko kukaa, ila hakutoshi. Mvuke ukikutana na bati au ukuta wa baridi hugeuka tena kuwa zebaki, ukatua kwenye paa, nguo, godoro, masufuria. Kesho ukiwasha moto wa ugali, jikoni kukapata joto, sehemu yake inapaa upya. Nyumba inayochomewa dhahabu huendelea kuwavutisha watu sumu hata siku ambazo hakuna aliyechoma.

Mtoto aliye tumboni hana kizuizi. Zebaki hupita kwenye kondo la nyuma, na ubongo unaojengwa huumia kwa kiasi ambacho mtu mzima asingekisikia. Kwa hiyo kuchoma kuondoke nyumbani kabisa, si jikoni, si sebuleni, si chini ya mti ambapo watoto hucheza. Ukienda kliniki ya wajawazito, mwambie muuguzi waziwazi kwamba nyumbani kumekuwa kukichomwa dhahabu. Usingoje akuulize.

Hofu ya wezi ni ya kweli, na ushauri usioijali hautafuatwa na mtu. Kinachowezekana ni wachimbaji wa kikundi kimoja kukubaliana mahali pa kuchomea pamoja mchana, mbali na makazi, kila mtu akiliangalia donge lake mwenyewe. Hapo wanaweza kuchangia ritoti, yaani chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba linalopoza mvuke na kurudisha zebaki kwenye maji. Hata pesa inaokolewa, maana zebaki hiyo hutumika tena. Lakini ritoti huvuja ikifungwa vibaya au ikifunguliwa kabla haijapoa, kwa hiyo haimruhusu mtu kuirudisha jikoni. Mwenye kuchoma asimame upande upepo unakotoka.

Nitajuaje kama imeshanidhuru?

Mikono kutetemeka, kwanza unaposhika kikombe au kalamu. Usingizi kupotea. Kusahausahau, hasira za ghafla, aibu isiyo ya kawaida mbele ya watu. Fizi kuvimba, mate mengi, ladha ya chuma mdomoni. Figo nazo huweza kudhurika bila maumivu yoyote. Nasisitiza hili kwa sababu mtu akianza kutetemeka na kugombana ovyo, majirani husema ni pombe, au amerogwa, na mwaka unapita kabla hajafika hospitali.

Mwambie daktari kazi unayofanya. Zebaki ya kuvuta hupimwa hasa kwenye mkojo. Mtaje pia mafuta ya kung'arisha ngozi ikiwa unayatumia, kwani baadhi yana zebaki, na mama anaweza kuwa anaipata kwa njia mbili.

Kuna dawa? Wazee mgodini wanasema maziwa yanasafisha kifua.

Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanaenda tumboni, hayafiki mapafuni. Hayaondoi vumbi wala zebaki. Tiba ya kwanza ni kuacha kuvuta mvuke: kiasi kilichomo mwilini hupungua kwa nusu katika muda wa miezi miwili hivi, mradi huongezi kingine. Zipo dawa za kuivuta zebaki itoke, ila hutolewa na daktari baada ya vipimo, kwani zina madhara yake. Madhara ya ubongo yaliyokwisha kukaa huenda yasirudi nyuma.

Na vumbi la kusaga mawe?

Hapa ndipo vijana wanapomalizika. Dhahabu yetu imo ndani ya mawe ya kwatzi, na vumbi la kwatzi ni silika. Chembe ndogo kabisa, zisizoonekana kwa macho, huingia ndani ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo ni silikosisi, na hauna tiba. Aliye nao hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, na wakati mwingine mtu hutibiwa TB, akapona, pumzi ikaendelea kukata kwa sababu silikosisi bado iko. Ukikohoa kwa wiki mbili nenda ukapimwe. Dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali.

Kitambaa ulichofunga mdomoni hakizuii vumbi hili. Barakoa ya N95 husaidia ikikaa vizuri usoni, lakini maji husaidia zaidi: loanisha mawe kabla ya kuyavunja na wakati wa kuyasaga. Badilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Na mawe yasisagwe nyumbani. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto wasiopungua 400 walikufa kwa sumu ya madini ya risasi, kwa kuwa mawe ya dhahabu yenye madini hayo yalisagwa katikati ya maboma. Mawe hutofautiana mahali na mahali, ila kwa macho huwezi kujua lako lina nini.

Samaki wa ziwani tuendelee kula?

Endeleeni. Zebaki inayooshwa na mito hadi ziwani hubadilishwa na vijidudu kuwa aina kali zaidi, methili-zebaki, ambayo hujilimbikiza kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao. Ndiyo iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, katika miaka ya 1950. Kuchemsha au kukaanga hakuitoi. Omena ni mdogo na yuko chini kwenye mlolongo huo, kwa hiyo ni chaguo jema kwa mama mjamzito. Mbuta mkubwa sana asiwe kitoweo chake cha kila siku.

Mchanga uliokwisha kuoshwa tunauza kwa wenye matangi ya sianidi. Kuna ubaya?

Upo. Mchanga huo una mabaki ya zebaki, na sianidi, kemikali ya sumu inayotumika kutoa dhahabu iliyosalia, huyeyusha zebaki na kuisafirisha kirahisi kwenye maji. Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, unataja mtindo huu kati ya mambo ya kukomeshwa. Visima na mifugo ya jirani viko hatarini kwanza.

Mtoto amemwaga zebaki sakafuni. Nifanyeje?

Watoe watoto, fungua madirisha, zima moto. Usifagie kwa ufagio, utaitawanya iwe vitone vidogo zaidi. Ikusanye kwa kadi mbili ngumu, vilivyobaki uvinase kwa selotepu, tia yote kwenye chupa yenye maji kidogo juu yake na uifunge kabisa. Usimwage chooni wala mtoni. Kama mtoto amemeza, usimtapishe. Mpeleke hospitali na useme ni zebaki ya dhahabu, ilimwagika wapi, na alikaa chumbani humo kwa muda gani, kwa sababu aliyoivuta puani humdhuru zaidi ya aliyoimeza.