Je, wajua? Kwa nini Spider-Man wa kwenye gemu haui hata umlazimishe

Chukua jambazi aliyesimama ukingoni mwa paa la ghorofa refu katika Marvel's Spider-Man, gemu ya Insomniac Games iliyotoka 2018. Mpige teke la nguvu, aruke nje ya paa. Sasa sogea ukingoni uchungulie. Humkuti barabarani. Yuko hapo chini kidogo, amenaswa ukutani kwa utando, anajinasua bila mafanikio. Hukubonyeza kitufe chochote cha kumwokoa. Utando umetoka wenyewe.

Anayeliona hilo kwa mara ya kwanza hudhani ni bahati, akarudia. Akirudia mara kumi, atapata majambazi kumi ukutani. Gemu haikupi nafasi ya kumgeuza Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man mwenyewe, kuwa muuaji, iwe kwa makusudi au kwa kuteleza kidole. Na mtu anayetaka kuicheza hadithi nzima kwa tabia ya shujaa wake, tangu misheni ya kwanza hadi ya mwisho, atafaidika sana akielewa kizuizi hicho kinafanyaje kazi.

Kwanza tuondoe dhana moja iliyoota mizizi. Wengi huamini kwamba kucheza kwa tabia ya mhusika ni suala la kuchagua: gemu isimamishe mambo, ikuulize "utamwokoa huyu au utamwacha?", nawe ujibu kama shujaa angejibu. Kwa mtazamo huo, gemu isiyokuruhusu kutenda uovu haikuruhusu kuwa mwema pia, kwani wema bila kishawishi ni wema gani? Hoja inavutia. Lakini ukiitazama gemu iliyojengwa hasa juu ya uchaguzi, unaona mambo yanakwenda kinyume.

Gemu hiyo ni inFAMOUS ya 2009, kutoka Sucker Punch. Mhusika wake, Cole MacGrath, amejikuta na nguvu za umeme. Adui akishaanguka, unaweza kumfunga chini kwa pingu za umeme, au kumfyonza uhai ili ujiponye. Kila tendo linasogeza kipimo cha sifa yako, upande mmoja ukiwa wa shujaa na mwingine wa mhalifu. Hadi hapo ni sawa. Tatizo ni kwamba nguvu kubwa za kila upande hufunguka kwa aliyekwenda mbali upande huo. Anayeyumba katikati, leo ana huruma na kesho ana hasira, kama mtu halisi aliyeelemewa, hubaki bila nguvu za juu za upande wowote.

Matokeo yake yanatabirika. Baada ya saa chache mchezaji hajiulizi tena Cole angefanya nini. Anajiuliza anakusanya pointi za upande gani. Akishaamua, maswali yote yanayofuata yamekwisha kujibiwa. Uchaguzi uliowekwa ili kumjenga mhusika umegeuka kuwa hesabu.

Ajabu ni kwamba inFAMOUS hiyo hiyo inamjenga Cole vizuri mno mahali pasipo na uchaguzi wowote. Cole hashiki bunduki wala haendeshi gari, kwa sababu umeme wa mwilini mwake ungelipua baruti na petroli. Maji ya kina humdhuru. Akiishiwa nguvu hunyonya umeme kwenye nguzo na vifaa vya mtaani. Kwa hiyo unapanda kuta kwa mikono, unateleza juu ya nyaya na reli, na unazoea kutafuta taa inayowaka kila unapoingia mtaa mpya. Hakuna aliyekuuliza swali, lakini kila dakika uko ndani ya ngozi ya Cole. Tabia ya mhusika kwenye gemu hukaa kwenye vitufe: vinakuruhusu kufanya nini, vinakunyima nini, na nini hutokea unapovibonyeza.

Mfano mzuri kuliko yote pengine ni Superman Returns ya 2006. Superman hadhuriki, sasa utashindwaje? Walioitengeneza waliutoa mstari wa afya, yaani kipimo cha uhai kinachopungua kila mhusika anapoumizwa, kwa Superman wakaupa mji. Metropolis ikiharibiwa hadi mstari uishe, umeshindwa. Gemu yenyewe ina upungufu mwingi, lakini uamuzi huo ni wa kuheshimiwa, maana unakulazimisha uhangaikie kile ambacho Superman mwenyewe angekihangaikia. Mwaka uliofuata, 2007, mbunifu wa gemu Clint Hocking aliandika juu ya hali iliyo kinyume na hiyo, yaani hadithi kusema jambo moja na uchezaji kusema jingine, na tangu hapo wabunifu wamekuwa na jina la kuliitia tatizo hilo.

Turudi kwa jambazi wetu ukutani.

Ndani ya gemu za aina hii, adui huwa daima katika hali moja kati ya chache zilizoorodheshwa: anatembea, ameshtuka, anapigana, amepepesuka, amenaswa, ametoka. Fikiria lifti. Inaweza kusimama ghorofa ya pili au ya tatu, lakini hakuna kitufe cha ghorofa iliyo katikati ya hizo mbili, hata uvitafute vyote. Kwa upande wa Spider-Man, kwenye orodha ya hali za majambazi hawa wa mtaani, "amekufa" hakuna. Haikufungwa kwa kufuli ambalo mjanja atalivunja. Ghorofa hiyo haikujengwa.

Kinachotokea mstari wa afya unapofika sifuri ni kama kete ya drafti iliyoliwa. Inatolewa ubaoni, basi. Ubao hauna habari kama kete imekufa, imelala au imekimbia, unajua tu kwamba haichezi tena. Hadithi ndiyo inayoipa hali hiyo jina. Gemu nyingi huiita kifo. Spider-Man huiita kuzimia au kunaswa, na ili jina hilo lisionekane uongo, gemu inaonyesha ushahidi: utando mweupe umemzunguka mtu, umembana chini, ukutani au kwenye nguzo.

Kuanguka kutoka juu ndiko kulikohitaji kazi ya ziada, kwa sababu hapo macho yangemkanusha mwandishi. Mtu aliyeporomoka ghorofa thelathini hatuwezi kuambiwa amezimia. Mcheza sarakasi hutandikiwa wavu kabla hajapanda kambani. Hapa wavu haupo mpaka mtu aanguke: mwili ukishavuka ukingo na kuwa hewani juu ya shimo refu, gemu inatafuta ukuta wa jengo ulio karibu na kumnasa hapo. Kwa hesabu ya pambano, mtu huyo ametoka. Ndiyo maana kuwasukuma majambazi nje ya paa ni njia ya haraka ya kumaliza pambano, na haivunji tabia ya Peter hata kidogo.

Kizuizi hiki kina mipaka yake. Jambazi aliyerushiwa mfuniko wa chuma kichwani, au aliyepigwa kwa utando wa umeme, asingeinuka katika ulimwengu wetu. Kwenye majeraha ya namna hiyo gemu haileti ushahidi wowote, inatangaza tu kwamba yuko hai. Batman: Arkham Asylum ya 2009 hufanya vivyo hivyo kwa uwazi zaidi: washa mtazamo wa upelelezi, umtazame uliyemwangusha, na maandishi yatakuambia amepoteza fahamu. Arkham Knight ya 2015 ilileta gari la Batman, na papo hapo ikazaliwa shida ya kugonga watu. Suluhisho likawa vipande viwili: hadithi inaanza kwa kuwahamisha raia mjini, na mhalifu anayesogelewa na gari hurushwa pembeni kwa mshtuko wa umeme kabla hajagongwa. Vifaru unavyolipua kwa mizinga havina dereva ndani.

Basi, kama gemu imekwisha kulinda dhamiri ya shujaa, mchezaji amebakiwa na nini? Amebakiwa na namna. Hapo ndipo kucheza kwa tabia kunakuwa ufundi, na kuna mambo ya kufanya kwa mikono.

Anza na utando. Kwenye pedi ya PlayStation, kitufe cha R1 hufyatua utando. Kosa la kawaida ni kumfunika adui utando mwili mzima, kisha kumwacha katikati ya barabara na kumgeukia mwingine. Atajinasua baada ya muda mfupi, nawe utadhani gemu inakuonea. Aliyefunikwa anahitaji mahali pa kugandia. Mpige kuelekea ukutani, au shikilia kitufe cha pembetatu umzungushe na kumrusha, naye akigusa ukuta amemalizika. Tazama basi eneo kabla ya kupiga: kuta ziko wapi, gari liko wapi, ukingo uko wapi. Kifaa kinachoitwa Impact Web kwenye menyu hufanya kazi hiyo kwa mkupuo mmoja adui akiwa karibu na ukuta, lakini akiba yake ni ndogo na huchukua muda kujijaza. Kwa hiyo kiweke kwa ajili ya wenye bunduki.

Kukwepa ni tabia ya Peter kuliko ngumi. Kitufe cha duara kinapobonyezwa alama ya hatari inapowaka kichwani mwake, si kabla, anapita chini ya risasi kama inavyotakiwa. Chagua kiwango cha ugumu kinachokuadhibu ukisimama wima na kubadilishana makonde. Kwenye kiwango chepesi unaweza kushinda ukipigana kama bondia, na hapo hadithi inamzungumzia mtu mwingine.

Mavazi yanaharibu mambo zaidi ya inavyodhaniwa. Vazi ulilovaa huonekana kwenye matukio mengi ya hadithi, kwa hiyo ukimvalisha kikaragosi, mazungumzo mazito yatafanyika akiwa kikaragosi. Katika mzunguko wa kwanza baki na lile lenye buibui mweupe kifuani, ambalo hadithi yenyewe inampa mapema. Mengine yasubiri.

Watu wa mtaani nao wana lao. Kitufe cha mraba, ambacho ni cha kupiga, ukiwa karibu na mpita njia hugeuka kuwa salamu: Spider-Man anampungia au wanagonganisha viganja. Kitufe kile kile, kidole kile kile. Shuka chini mara moja kila baada ya misheni mbili tatu na utembee kidogo kwa miguu. Hakuna alama kubwa utakayopata, ila huyu ni shujaa wa mtaa, na mtaa hauonekani kutoka angani.

Lililo gumu zaidi ni haraka. Hadithi inasema mtu anakufa, ramani inasema kuna mikoba 55 ya zamani ya Peter imefichwa mjini, na gemu itakusubiri hata ukikusanya yote kwanza. Hapa hakuna utando wa kukudaka, ukingo huu unaulinda mwenyewe. Sikiliza simu ya mwisho kabla ya udhibiti kurudi mikononi mwako. Kama aliyepiga ametaja hatari, nenda moja kwa moja. Kama ameaga kwa utulivu, huo ndio wakati wa mikoba, picha za majengo, na kuwakamata njiwa wa Howard, mhusika mmoja wa mtaani. Jitahidi kuimaliza mikoba katika theluthi mbili za mwanzo, kwa sababu baada ya wafungwa kutoroka gereza la Raft mji unabadilika, barabara zinajaa vizuizi na mapigano, na Spider-Man anayepita juu ya hayo yote kwenda kuchukua mkoba wake wa sekondari si yule uliyeanza naye.