Dagaa Wakavu, Dawa ya Wadudu na Kikombe cha Maziwa

Utando wa asili wa kuhifadhi samaki mkavu ni kitu gani?
Ni tabaka jembamba linaloliwa, ambalo samaki hupakwa au huchovywa humo. Huzuia hewa isiharibu mafuta yake na unyevu usimrudie. Unaofanyiwa sana utafiti ni wa kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Mwenye mzio wa kamba ajihadhari nao. Usijaribu kuitengeneza jikoni, maana inahitaji kemikali kali.

Sisi tunaokausha nyumbani tutumie nini?
Chumvi kwanza. Samaki mkubwa mpasue, toa matumbo, osha kwa maji safi, loweka kwenye maji ya chumvi, kisha mpake manjano na pilipili ya unga. Bangladesh wanatumia mchanganyiko huo kufukuza nzi na wadudu. Mwanike kwenye chanja, si mchangani. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 15, ukungu hauoti. Dagaa aliyekauka sawasawa hukatika ukimkunja. Akipinda tu, mrudishe juani. Aliyeanza kuoza, usimpake chochote. Mtupe.

Funza hawaishi. Nikipuliza dawa kidogo tu?
Hapana. Dawa ya mbu ni ya ukutani, na ya kuogeshea ng'ombe ni ya ng'ombe. Hiyo "kidogo tu" naisikia kila mara, tena kwa watu wazima wanaojua kabisa kwamba ni sumu. Mama ananunua dagaa hao sokoni, anawasaga na vichwa vyao, anaweka kwenye uji wa mtoto wa mwaka mmoja. Huyo mtoto ndiye anayeila hiyo kidogo.

Si nitawaosha na kuwakaanga?
Sumu hizi nyingi hushika kwenye mafuta ya samaki. Kuosha hakuzimalizi, kukaanga hakuzimalizi.

Mtu amekula, anatapika na mate yanamtoka ovyo. Tumpe maziwa kwanza?
Hapana. Mpelekeni kituo cha afya sasa hivi. Maziwa hayaui sumu. Ukiona mate, machozi na jasho jingi, kuhara, misuli kuchezacheza, mboni za macho zimekuwa nukta, au anapumua kwa shida, kila dakika ina thamani. Hospitali kuna atropini, dawa ya kupambana na sumu hizi, na oksijeni. Kikombe cha maziwa hakina hata kimoja.

Basi tumpe maziwa njiani?
Hapana. Si maziwa, si mafuta ya kupikia, si maji ya mkaa. Aliyelegea akinyweshwa, kinywaji huingia mapafuni. Wala msimtapishe kwa vidole. Mlazeni ubavu, mwendelee na safari. Wagonjwa wanaletwa jioni kwa sumu ya asubuhi, midomo bado ina maziwa, kwa sababu familia ilikuwa "inaangalia kwanza". Msiangalie kwanza. Nendeni.

Ametapika, sasa ana nafuu. Bado aende?
Aende. Kwa baadhi ya sumu hizi misuli ya kupumulia huweza kulegea siku moja hadi nne baadaye, mgonjwa akiwa amekwisha kudhaniwa mzima. Bebeni kopo la dawa kama lipo na mabaki ya samaki kwenye mfuko uliofungwa, na mtaje saa aliyokula. Kama dawa mliipuliza wenyewe, semeni bila aibu: daktari anataka kujua ni dawa gani, ili aanze tiba.