Nani aliwaambia kutuliza mpira ni kuukanyaga?

Haya, leo nimechoka nayo. Mtoto anapewa pasi safi, mzazi kando ya uwanja anapiga ukelele "Kanyaga! Tuliza!", mtoto anakanyaga, mpira unafia chini ya soli, na kabla hajainua kichwa washamvamia wawili wamemnyang'anya. Halafu mie ndio naulizwa mbona hawa wa gredi 7 hawajui kutoa pasi. Jamani watu wa Malindi, pasi watatoa saa ngapi ikiwa mpira wameshaufunga kamba wenyewe?

Mguso wa kwanza kazi yake ni kukutoa kwenye presha. Kabla mpira haujafika unatupa jicho nyuma ya bega ujue adui yuko wapi, mwili unakaa mshazari, usimkabili anayekupa pasi kama unapigwa picha ya kitambulisho. Unapokea na mguu wa mbali, upande wa ndani, kifundo unakilegeza mpira unapogusa, na mpira unatoka hatua moja tu kwenda upande ambao adui hayuko. Hatua tatu ni zawadi, ushampa. Kupiga pasi ni kinyume, kifundo kinakazwa, mguu wa kusimamia uko kando ya mpira na vidole vinatazama unakopeleka. Watoto huchanganya hizi mbili, wanapokea na kifundo kilichokazwa, mpira unagonga mguu unaruka huko, na hapo ndipo wakubwa wanapoanza "kanyaga, kanyaga!" Dawa ya kifundo wanaipeleka kwenye soli.

Zoezi langu ni la ndara. Ndara mbili kulia, mbili kushoto, ushapata mageti mawili. Mmoja anatoa pasi, mmoja anapokea katikati ya mageti, wa tatu yuko mgongoni mwa mpokeaji, na pasi ikiwa njiani huyo wa nyuma anachomokea upande mmoja. Mpokeaji lazima ageuze shingo amuone, kisha mguso wa kwanza uupitishe mpira geti la upande wa pili. Asipotazama anampelekea adui miguuni, wenzake wanacheka, raundi inayofuata anatazama bila kuambiwa. Mipira haitoshi? Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 watoto wanafunga ya matambara, na kwa zoezi hili ni sawa kabisa, haidundi. Ikiwa ipo ya kununua, kwa wale wadogo wadogo chukueni namba 4, maana namba 5 ni gramu 410 mpaka 450 na baadhi yao wana miguu kama njiti.

Golikipa naye aingie zoezini. Tangu 1992 pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake haruhusiwi kuidaka, sasa atafanyaje?

Ila niseme ukweli, soli ina mahali pake. Wa futsal, ile soka ya ukumbini, wanapokea kwa soli kila siku, mpira wao haudundi sana, sakafu tambarare, na adui akikuganda mgongoni soli inakusaidia kuuficha. Halafu kuna huu mchanga wetu. Uwanja wa shule ni mlegevu, mguso mzuri wa hatua moja unanasa hapo hapo. Nenda ufuoni maji yakikupwa, mchanga umekaza, mguso ule ule unakimbia mpaka majini, na kusi ikivuma ndio usiseme. Mtoto aliyezoea kule akija huku anaonekana mzembe, na wa huku akienda kule vile vile, na mie mpaka leo sijaamua tuanzie wapi.

Hata ndara zenyewe nina wasiwasi nazo. Wapo wanaopitisha geti vizuri mno halafu kwenye mechi wanarudi kukanyaga. Ndio maana dakika kumi tu za ndara, kisha wanne kwa wanne na sheria moja, ukiusimamisha mpira kabisa unakwenda kwa wapinzani. Dakika za mwanzo ni vurugu tupu na malalamiko, vumilieni. Na kama wazazi mna hamu ya kupiga kelele, pigeni "Mtu!" adui akimjia kwa nyuma, hiyo habari inamfaa.

Mambo ya kuotea siku nyingine. Kwa sasa jueni tu kwamba ukiwa nusu yenu ya uwanja hakuna kuotea, kwenye kona hakuna, kwenye goli kiki hakuna, na kwenye mpira wa kurusha HAKUNA, hata mkimzunguka refa kumi.