Je, wajua kwa nini plagi ya milimita 12 hufunguliwa kwa spana ya 18?

Plagi ya D8EA ya kiwanda cha NGK ndiyo ya pikipiki ya Honda CG125, na inaingia pia kwenye kundi kubwa la pikipiki za Kichina zilizoiga injini hiyo. Thredi yake ni ya milimita 12. Lakini soketi ya 12 haikishiki kichwa chake, ya 14 haiingii, na ya 17 inagota juu. Inayoingia ni ya 18.

Jibu fupi: 12 ni kipenyo cha thredi, ile sehemu inayozama kwenye silinda hedi. Spana haishiki thredi. Inashika kichwa cha kona sita kilicho juu yake, na kichwa hupimwa kutoka ubavu mmoja hadi ubavu unaotazamana nao. Ni vipimo viwili vya sehemu mbili tofauti.

Kosa la kuchanganya vipimo hivi lina sura kadhaa. Wapo wanaosoma 8 iliyo katikati ya D8EA wakidhani ni saizi ya kitu fulani. Hiyo ni namba ya joto, yaani kasi ambayo plagi inapoteza joto lake kwenda kwenye hedi; haihusiani na spana hata kidogo. Kipimo kimejificha kwenye herufi ya mwanzo. Kwa plagi za NGK, C ni thredi ya 10 na kichwa cha 16, D ni thredi ya 12 na kichwa cha 18, B ni thredi ya 14 na kichwa cha 20.8, ambacho hufunguliwa kwa spana ya 21.

Hapo ndipo watu hujitungia kanuni ya "ongeza sita": kumi inakuwa kumi na sita, kumi na mbili inakuwa kumi na nane. Kanuni tamu, ila ukifika 14 inakuangusha, maana hakuna kichwa cha 20 kamili. Ukienda kwenye zenye herufi BC inaanguka kabisa: thredi ni 14 ileile, kichwa ni 16. DC nazo zina thredi ya 12 na kichwa cha 16. E, zile ndogo zenye thredi ya 8, zina kichwa cha 13. Kwa hiyo spana moja ya 16 inafungua plagi za thredi tatu tofauti, na thredi moja ya 14 inaweza kudai spana mbili tofauti. Vichwa vilipunguzwa kwa sababu ya nafasi: kichwa chembamba kinaruhusu shimo jembamba, na shimo jembamba linaacha chuma na nafasi zaidi kwa valvu na njia za kupozea.

Tena herufi si lugha moja kwa viwanda vyote. Denso huiita X24ES-U plagi inayochukua nafasi ya D8EA. Kwao X ndiyo thredi ya 12, U ndiyo ya 10. Kwenye plagi za Kichina, A7TC, inayoonekana sana kwenye injini ndogo za kulala (silinda imelala) za cc 50 hadi 110, ni thredi ya 10 na spana ya 16. D8TC ni ya 18. F7TC, ya jenereta na pampu nyingi za maji, ni ya 21. Ukikuta plagi yenye maandishi yaliyofutika au usiyoyaamini, pima ubavu kwa ubavu kwa venia, kile kifaa cha kupimia chenye taya mbili. Kipimo cha chuma kinashinda maandishi.

Sasa, kwa nini tofauti ya milimita moja iwe jambo kubwa, ilhali spana ya 17 inaonekana kuishika plagi ya 16 na wakati mwingine inaifungua kweli?

Chukua ndoo ya maji ya lita 20 yenye mpini wa waya mtupu. Uzito si wa kukushinda, lakini waya unakukata vidole kabla hujafika nyumbani. Zungushia mpini kitambaa, ndoo ni ileile, maji ni yaleyale, mkono umetulia, kwa sababu mzigo umesambaa kwenye eneo pana. Spana inayokaa sawa ni mpini wenye kitambaa: nguvu yako inagawanyika kwenye bavu sita. Spana iliyolegea ni waya. Soketi ya 17 juu ya kichwa cha 16 inazunguka bure kama nyuzi 7 kabla ya kugusa chochote, na inapogusa, inagusa kwenye ncha za kona tu. Nguvu yote inapita kwenye mistari sita myembamba ya chuma laini. Plagi ikiwa imekwama, chuma hicho hukubali kabla ya thredi, kona zinalika, na kila jaribio linalofuata linaanza na kona butu zaidi.

Ukizidisha saizi ya spana, hesabu inachekesha. Kichwa cha 18, ukikipima kona kwa kona, ni milimita 20.8 hivi. Ndiyo maana spana ya 21, ile ya plagi za magari ya zamani, inaingia kwenye plagi ya CG bila shida na inazunguka mchana kutwa bila kufungua kitu. Na hiyo 20.8 ndiyo hiyohiyo ambayo plagi kubwa inayo ubavu kwa ubavu. Ni sadfa tu ya jiometri, lakini imewapotezea watu muda.

Spana za inchi zinaleta mkanganyiko wake. 5/8 ni milimita 15.9, na kwa kawaida inakaa vizuri kwenye plagi za 16 kwa kuwa vichwa hutengenezwa pungufu kidogo. 13/16 inakaa kwenye za 20.8. Lakini 11/16 ni 17.5, haiingii kwenye 18, na 3/4 ni 19, inaingia na kulegea. Wenye seti ya inchi tupu hawana spana ya D8EA.

Saizi ikishapatikana, angalia kina. Kutoka pale plagi inapokalia hadi ncha ya juu ni karibu sentimita 5, kwa hiyo soketi fupi ya kawaida inagonga kauri, ile sehemu nyeupe ya juu ya plagi, kabla ya kushika kichwa. Unataka soketi ndefu ya kona sita. Ya kona kumi na mbili ina mshiko mdogo. Angalia pia unene wa ukuta. Kwenye shimo lenye kina, soketi nene ya saizi sahihi inaweza kukwama pembeni kabla ya kufika. Ile bomba-spana inayokuja na pikipiki chini ya siti, yenye tundu la kupitisha chuma, ina ukuta mwembamba na mara nyingi ndiyo inayoingia pasipoingia kitu kingine. Udhaifu wake ni chuma laini: mdomo ukishatanuka, itupe.

Raba au sumaku ndani ya soketi si mapambo. Raba inaishika kauri isiyumbe. Spana ikilala upande, kauri hupata ufa mwembamba kama unywele ambao huuoni, kisha injini inakosa moto ukipanda mlima au mvua ikinyesha. Spana malaya, ile ya mdomo wa kurekebisha, inaleta ajali hiyohiyo, kwa kuwa inashika bavu mbili tu na inavuta kutoka pembeni.

Kufungua: injini iwe baridi. Vuta kepu (kofia inayofunika plagi), si waya. Puliza mchanga kati ya mapezi ya kupozea injini, legeza plagi nusu mzunguko, puliza tena, ndipo uitoe. Kurudisha anza kwa vidole hadi ikalie. Ikigoma mapema, thredi zimepishana, irudishe nyuma. Plagi mpya yenye pete ya kuzibia ikazwe karibu nusu mzunguko baada ya vidole; iliyokwisha kutumika, 1/12 hadi 1/8 ya mzunguko inatosha. Wenye spana ya kipimo: nyutoni mita 10 hadi 12 kwa thredi ya 10, 15 hadi 20 kwa ya 12, 25 hadi 30 kwa ya 14 kwenye hedi ya alumini, isipokuwa boksi la plagi au kitabu cha pikipiki kinasema vingine. Kwa mkono wa spana wa sentimita 20, nyutoni mita 15 ni msukumo wa kilo 7 na nusu hivi. Usipake oili kwenye thredi, maana msuguano ukipungua utakaza kupita kiasi bila kuhisi, na kinachokatika ni thredi za alumini za hedi, si za plagi.