Kabla Hujanunua Hita, Shika Nguo

Wiki hii nimepigiwa simu ile ile kwa mara ya tatu, kuhusu draya, mashine ya kukaushia nguo. "Fundi, draya haikaushi, hita imeungua. Njoo na hita nyingine kabisa." Nikamuuliza mteja swali moja tu: nguo zikitoka zina joto au zimepoa? "Zina moto, fundi, hata zipu haishikiki. Ila zina maji." Basi hita haijaungua. Iliyoungua haiwezi kuchemsha zipu.

Nguo baridi na mbichi, tafuta tatizo kwenye joto. Nguo moto na mbichi, tafuta tatizo kwenye hewa. Jibu hilo unalo mkononi kabla hujashika bisibisi, na bado watu wananunua hita kwanza.

Kosa linaanzia kwenye kudhani kwamba draya inakausha kwa joto. Joto linayageuza maji kuwa mvuke, lakini anayeutoa mvuke huo nje ni upepo. Piga hesabu: nguo zimetoka kwenye mashine ya kufulia na lita 3 za maji. Kuyageuza yote kuwa mvuke kunakula karibu uniti 2 za umeme, na kwa hita ya wati 2,500 hiyo ni kama dakika 48 hata pasipo joto lolote kupotea. Mvuke wa lita 3 usipopata pa kutokea, unabaki ndani ya pipa unazunguka na nguo zako. (Na kama mashine yako ya kufulia haikamui vizuri, nguo zikaingia na lita 5, usiilaumu draya.)

Hewa inapita kwenye hita, inaingia kwenye pipa, inabeba unyevu, inapita kwenye kichujio, kisha feni inaisukuma kwenye bomba. Njia hiyo ikibanwa popote, joto halisafiri, linajazana kwenye kasha la hita. Themostati ya usalama inaona joto limezidi, inakata. Kasha likipoa, inawasha. Inakata tena. Hita ni nzima kabisa, ila katika saa nzima imefanya kazi dakika chache. Ukiiweka mpya, nayo itakatwa vilevile.

Kwa huyu mteja niliivuta mashine kutoka ukutani. Bomba lilikuwa lile la foili lenye mikunjo, limebanwa na mgongo wa mashine mpaka limelala bapa. Nililichomoa nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kilichotoka kwanza ni bonge la manyoya ya nguo, la kijivu, limelowa, zito kama sponji iliyotoka kwenye beseni, linanuka sabuni iliyochemka. Nyuma yake mengine makavu, yakaanza kuruka chumba kizima. Tuliweka bomba gumu la bati, fupi. Mzigo uliokuwa ukichukua saa mbili na nusu ulikauka kwa dakika 55. Hita ni ile ile.

"Lakini kichujio nasafisha kila siku!" Najua, na unafanya vizuri. Ila kichujio hakikamati kila unyuzi, na vinavyopita vinalala kwenye mikunjo na kwenye kona. Ndiyo maana bomba linatakiwa liwe la bati, laini kwa ndani, lisilo na skrubu zinazochomoza ndani, na mdomo wake wa nje usiwe na wavu. Kanuni za ujenzi wa makazi za Marekani zinaruhusu urefu wa futi 35 na kupunguza futi 5 kwa kila kona ya nyuzi 90, na zinakubali maelekezo ya mtengenezaji kama anasema vingine. Mtu anapiga kona nne ili bomba lisionekane, kisha ananiuliza kwa nini mashine ni dhaifu.

Kichujio chenyewe kina siri yake. Karatasi za kulainishia nguo zinaacha utando usioonekana kwenye wavu. Mimina maji juu yake: yakipita, sawa, yakisimama, osha kwa sabuni na brashi laini.

Ukitaka uhakika, na kama draya ni ya umeme, chomoa bomba nyuma ya mashine, fungua madirisha, endesha mzigo mmoja huku hewa ikitokea chumbani. Nguo zikikauka haraka, mashine yako ni nzima. Mgonjwa ni bomba la nyumba. Draya ya gesi usiifanyie hivi hata kwa dakika moja, hewa yake ina moshi wa kuua.

Sasa fyuzi ya joto. Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Ni kadude kadogo kenye miguu miwili, kazi yake kukatika mara moja pale themostati inaposhindwa au hewa inapokwama. Haijirudishi. Mtu anaikuta imekatika, ananunua nyingine, inakatika baada ya wiki tatu, anaiita "fyuzi feki". Wa pili ni mbaya zaidi: anaunganisha waya moja kwa moja na kuiruka. Draya inakausha, anafurahi. Alichofanya ni kumwondoa mlinzi wa mwisho mlangoni huku manyoya yamejaa ndani. Nikikuta fyuzi imerukwa, sirudishi mashine kwenye umeme mpaka nimeweka nyingine, hata mteja akasirike.

Vitabu vinaandika kana kwamba kila fyuzi iliyokatika ina bomba lililoziba nyuma yake. Nimekuta zilizokatika huku bomba safi, hita nzima, themostati inakata kwa wakati wake. Nahisi nyingine huchoka tu kwa miaka mingi ya kupata joto na kupoa, lakini hisia si kipimo. Kwa hiyo nabadilisha, napima joto la hewa inayotoka kwa mizunguko kadhaa, na namwomba mteja anipigie ikirudia. Wengine hawajapiga. Siwezi kuapa kwamba nilikuwa sahihi.

Hata multimita, kile kipimo cha umeme, inadanganya. Hita ya wati 2,500 kwenye volti 230 inasoma kama omu 21. Lakini koili, yaani waya wa hita uliosokotwa, ikipasuka inaweza kugusana ikiwa baridi ikakupa namba nzuri, halafu ikipata moto inatanuka na kuachana. Nimewahi kuipitisha hita kama nzima na kurudi nyumba ile ile siku mbili baadaye. Siku hizi naikagua koili kwa macho, na ninapima pia kati ya koili na kasha lake. Hapo multimita isisome chochote.

Mengine hayana maneno mengi. Mota inaunguruma ila pipa halizunguki, na ukilisukuma kwa mkono linateleza kirahisi: mkanda umekatika. Kimya kabisa ukibonyeza: anza na swichi ya mlango. Mlio mkali wa kukwaruza: puli ya kukazia mkanda. Kishindo cha kujirudia: roli za pipa.

Draya zisizo na bomba, za kondensa na za pampu ya joto, ambazo hugeuza mvuke kuwa maji ndani ya mashine, zina ugonjwa ule ule kwa sura nyingine. Tangi la maji limejaa, au mapezi ya chuma yamevikwa manyoya mpaka yanaonekana kama blanketi. Ya pampu ya joto hukausha kwa joto la chini na kwa muda mrefu zaidi; hiyo ndiyo tabia yake, si ubovu.

Draya inayozima mapema nguo zikiwa mbichi, futa zile fito mbili za chuma ndani ya pipa kwa kitambaa chenye siki. Nguo zikizigusa zikiwa na maji, umeme kidogo unapita. Fito zikivikwa utando wa kilainishi, mashine inaamini nguo zimekauka. Isipokuwa umechanganya jinzi na fulana, maana fulana hukauka kwanza. Hapo kusema kosa ni la fito au la mzigo huwa kazi ngumu hata kwangu.

Mamlaka ya Zimamoto ya Marekani ilikadiria, kwa miaka ya 2008 hadi 2010, mioto 2,900 ya draya majumbani kila mwaka, na sababu iliyoongoza ni kutosafisha. Kwa hiyo bomba lifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Na vitambaa vilivyofuta mafuta ya kupikia, hata kama vimefuliwa, vinaweza kujipasha moto vyenyewe vikirundikwa. Usizime mashine kabla zile dakika za mwisho za kupoza hazijaisha, na vikitoka vitandaze, usivitupe kapuni vikiwa na joto.